Deni Lina Tarehe



Kila mwaka katikati ya Juni, Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma kusoma bajeti, nchi nzima hutega sikio kwa mambo manne: bia, sigara, soda na mafuta. Kesho yake magazeti hutoka na orodha ya vilivyopanda na vilivyoshuka, na mjadala wa vijiweni huwa umekwisha kabla ya Jumapili. Simlaumu mtu. Bei ya petroli inamgusa dereva wa bodaboda asubuhi hiyohiyo. Lakini kuelekea mwisho wa hotuba, koo la Waziri likiwa limeshakauka na wabunge wengine wanakusanya makabrasha, husomwa aya chache zinazoeleza mfumo wa bajeti. Hizo ndizo zilizonileta hapa.

Tuchukue hotuba ya tarehe 13 Juni 2024, ya mwaka wa fedha 2024/25. Bajeti nzima ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Mapato ya ndani, yaani kodi, mapato yasiyo ya kodi na makusanyo ya halmashauri, yalikadiriwa kuwa trilioni 34.61. Ukitoa, unabaki na pengo la trilioni 14.74. Pengo hilo lilipangiwa kuzibwa hivi: misaada na mikopo nafuu ya washirika wa maendeleo trilioni 5.13, mikopo ya ndani trilioni 6.62, na mikopo ya nje ya masharti ya kibiashara trilioni 2.99. Hesabu inafunga.

Sasa mtu wa kijiweni akiipata karatasi hii atasema: kumbe karibu theluthi ya bajeti yetu ni ya kukopa na kuombaomba! Na mtu wa serikali atamjibu kwamba hapana, nakisi yetu haizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa, ndani ya kigezo tulichokubaliana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wote wawili wana tarakimu mkononi na hakuna anayedanganya. Wanasoma mistari tofauti.

Uangalieni mstari wa mikopo ya ndani. Katika zile trilioni 6.62, trilioni 4.02 zilikuwa za kulipia dhamana na hatifungani zilizoiva. Serikali iliuza hatifungani miaka ya nyuma, muda wake umefika, aliyeikopesha anataka fedha yake. Serikali inauza hatifungani nyingine, inachukua fedha ya mkopeshaji mpya na kumlipa wa zamani. Deni halijaongezeka hata shilingi moja, limebadilisha mwenyewe na tarehe. Kwenye vitabu vya bajeti, hata hivyo, trilioni hizo huandikwa mara mbili: upande wa mapato kama mkopo, na upande wa matumizi kama ulipaji wa deni. Bajeti inavimba pande zote mbili. Mkopo mpya wa ndani, ule uliopangwa kwenda kwenye miradi ya maendeleo, ulikuwa trilioni 2.60 tu.

Wachumi wanapohesabu nakisi hawaweki humo ulipaji wa mtaji wa deni. Wanaweka riba, kwa sababu riba ikishatoka imetoka. Ndiyo maana ukisikia kwamba asilimia kubwa ya bajeti inakwenda kulipa madeni, swali la kwanza liwe: riba ni ngapi humo, na mtaji uliokopwa upya ni kiasi gani? Nimeshuhudia mijadala mizima ya redioni ikichukua saa mbili bila mtu kuuliza hilo.

Husemwa mara nyingi kwamba serikali iishi kama baba mwenye nyumba, isitumie zaidi ya kipato chake. Maneno hayo yana heshima yake, na mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Lakini baba mwenye nyumba huzeeka, akastaafu, na mkopeshaji wake anajua siku itafika kipato kitakoma, kwa hiyo anataka chake chote kabla ya hapo. Serikali haistaafu. Inaweza kubeba deni miaka mia moja ikiwa uchumi unakua haraka kuliko deni lenyewe. Tena, matumizi ya baba hayaongezi mshahara wake, ilhali mshahara wa mwalimu wa Sumbawanga ukilipwa, sehemu yake inaishia kwa muuza mchele, kwa fundi na kwa mwenye nyumba, na kila inapopita Mamlaka ya Mapato (TRA) inachukua kidogo chake. Serikali ikibana matumizi ghafla, mapato yake nayo hupungua. Nisieleweke vibaya: sisemi kwamba kila matumizi ni baraka. Shangingi jipya la ofisi linanunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hiyo inakwenda moja kwa moja ilikotengenezwa gari.

Je, anayeikopesha serikali ndani ya nchi ni nani? Ni benki za biashara, mifuko ya hifadhi ya jamii, kampuni za bima, Benki Kuu yenyewe, na watu wa kawaida kama mliokaa humu. Benki Kuu huendesha minada. Dhamana za muda mfupi ni za siku 35, 91, 182 na 364. Hatifungani huanzia miaka miwili, na tangu 2021 zipo za miaka 25. Kima cha chini cha kununua hatifungani ni shilingi milioni moja. Dhamana fupi, laki tano.

Hatifungani ya kwanza ya miaka 25 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Tuseme mama mmoja aliuza kiwanja, akaweka milioni 10. Kila baada ya miezi sita anapokea shilingi 797,500. Atapokea mara 50, jumla milioni 39 na laki nane na elfu sabini na tano, kisha mwaka 2046 anarudishiwa milioni zake 10. Mwenyekiti wetu wa jioni hii anatabasamu, nadhani anapiga hesabu ya kiwanja chake. Ila hizo milioni 10 za 2046 hazitakuwa milioni 10 za 2021. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 tu kwa mwaka, zitanunua vitu ambavyo mwaka 2021 vingemgharimu chini ya milioni 5. Faida ya mama huyo imo katika zile mara 50, na mzigo wa serikali umo humohumo.

Kwa hiyo deni la ndani la serikali ni mali ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni wewe bila kujijua. Mwalimu anayechangia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kila mwezi ameikopesha serikali kupitia mfuko wake. Anayesema deni la ndani lifutwe anazungumzia kiinua mgongo cha mwalimu huyo. Upande wa pili upo pia. Benki inayoweza kupata asilimia kumi na kitu kwa kuikopesha serikali, bila kumfuatilia mtu wala kuuza dhamana ya nyumba ya mtu, ina sababu gani ya kuhangaika na fundi cherehani wa Manzese anayetaka milioni mbili za kununua mashine? Fundi atakopeshwa, lakini kwa riba iliyo juu ya ile ya serikali, maana benki inahesabu na hatari ya kutolipwa. Serikali ikikopa sana ndani, fundi ndiye anayelipa. Jina lake halitokei kwenye hotuba.

Na kwa nini serikali isichapishe fedha tu? Ipo njia ya serikali kupata fedha ya muda kutoka Benki Kuu, na sheria imeiwekea kikomo. Wenye umri wangu wanakumbuka kwa nini. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta yakiwa ghali na mazao hayauziki vizuri nje, nakisi ilijazwa kwa kiasi kikubwa na mfumo wa benki. Katikati ya miaka ya themanini mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 30. Fedha ilikuwepo, sabuni ndiyo iliyokosekana.

Hapo niingie kwenye deni la nje, kwa sababu miaka hiyo inafundisha somo ambalo tarakimu ya jumla haiwezi kulifundisha. Mwaka 1986, chini ya mpango wa kufufua uchumi, shilingi ilishushwa kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40. Hapakukopwa chochote siku hiyo. Lakini kila dola tuliyodaiwa ilihitaji shilingi zaidi ya mara mbili ya jana yake, na shilingi hizo zilitakiwa zitoke kwenye kodi za watu walewale. Ukubwa wa deni kwa dola ulibaki palepale. Uwezo wa kulilipa ndio ulioporomoka.

Jambo la namna hiyo, kwa kiwango kidogo, tumeliona juzijuzi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300; kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Deni la dola bilioni moja liliongezeka kwa shilingi zaidi ya bilioni 300 likiwa limelala. Na deni la serikali, ambalo mwaka huo lilikuwa zaidi ya shilingi trilioni 90, kama theluthi mbili yake ni la nje. Kwa hiyo mtu anapowaambia kwamba deni limepanda kwa trilioni kadhaa, ulizeni ni kiasi gani tumekopa na ni kiasi gani kimetokana na shilingi kuteleza. Ulizeni pia kama anasema deni la serikali au Deni la Taifa, maana hilo la pili linajumlisha na madeni ya nje ya sekta binafsi: kampuni ya madini ikikopa Ulaya, mkopo wake unahesabiwa humo ingawa mlipakodi hahusiki nao.

Reli ya kisasa ni mfano mzuri wa hatari ya kudaiwa kwa dola. Februari 2020 serikali ilitia saini mkopo wa dola bilioni 1.46, ulioratibiwa na Standard Chartered, kwa ajili ya kipande cha Dar es Salaam hadi Makutupora. Treni ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, na nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000. Hadi Dodoma, 31,000. Nauli ni ya shilingi, deni ni la dola. Linganisheni na TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Reli zote mbili ni za mkopo. Moja ilikopwa kama udugu na nyingine kama biashara, na anayekopa kibiashara hutakiwa ajue mapema kiasi cha mizigo ya kusafirisha, maana ni nadra abiria peke yao kulipa gharama za reli.

Nimefika kwenye tarehe, na hapa nitakaa kidogo.

Juni 2014 jirani zetu wa Kenya waliingia katika soko la hatifungani la kimataifa kwa mara ya kwanza, wakachukua dola bilioni 2, na mwishoni mwa mwaka wakaongeza. Sehemu kubwa ya deni hilo, dola bilioni 2 kwa riba ya asilimia 6.875, ilikuwa ya miaka kumi na ya kulipwa kwa mkupuo mmoja, mwezi Juni 2024. Hakukuwa na malipo ya mtaji kidogokidogo. Kwa miaka tisa deni lile lilikaa kimya likidai riba tu, na kama ungetazama jumla ya deni la Kenya usingeona kwamba kuna shimo kwenye kalenda.

Mwaka 2023 ulipoanza kuisha, wenye fedha walianza kujiuliza Kenya itazitoa wapi. Kila aliyeweza alishika dola zake. Shilingi ya Kenya iliendelea kushuka hadi kufikia kama 160 kwa dola Januari 2024. Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya nje ya dola bilioni 1.5, ambayo ilibidi wawekezaji wapewe faida ya zaidi ya asilimia 10, ili inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla ya siku yake. Hofu ikatulia, na ndani ya wiki chache shilingi ikapanda hadi kwenye mia na thelathini na kitu. Uchumi wa Kenya haukuwa umebadilika kati ya Januari na Machi. Mashamba ya chai yalikuwa yaleyale, watalii walewale. Kilichoondoka ni tarehe moja.

Riba ya deni jipya, bila shaka, ikabaki. Na Juni hiyohiyo Muswada wa Fedha uliotaka kodi mpya ulizua maandamano ambayo sote tuliyaona, tarehe 25 Juni yakaingia hadi bungeni Nairobi, na muswada ukaondolewa. Sitasema kwamba hatifungani moja ilisababisha yote hayo. Yapo mengi, kuanzia ajira za vijana hadi namna viongozi walivyozungumza nao. Lakini serikali yenye tarehe nzito mbele yake inakuwa na nafasi ndogo ya kusikiliza.

Sisi hatujauza hatifungani ya namna hiyo, ingawa mwaka 2013 tulikopa dola milioni 600 kupitia Standard Bank ya London na benki yake dada hapa nchini. Ada ya kuandaa mkopo iliyotajwa awali ilikuwa asilimia 1.4, ikapanda hadi 2.4. Asilimia moja iliyoongezeka, dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo wachunguzi wa Uingereza hawakuona kazi iliyofanya. Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano yaliyoitaka benki hiyo iirudishie Tanzania dola milioni 6 pamoja na riba. Milioni 6 zilirudi. Wengi wetu tulijua gharama ya mkopo ule kwa sababu Waingereza walituambia.

Hata mkopo nafuu una tarehe. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitupa dola milioni 567, ambazo ni zile trilioni 1.3 za UVIKO-19 zilizojenga madarasa 15,000. Watu waliona madarasa, walimu walifurahi, na mimi nasema kazi ilifanyika. Fedha ile, hata hivyo, ilikuja katika mafungu mawili. Theluthi moja haina riba na inalipwa kwa miaka kumi. Theluthi mbili ni ya kulipwa ndani ya miaka mitano, yaani kufikia 2026. Darasa lililojengwa kwa matofali mazuri linafundishia miaka arobaini. Si kosa, maana ilikuwa fedha ya dharura na madarasa ndiyo matumizi bora tuliyoyapata. Lakini mkopo wa miaka mitano ukijenga kitu cha miaka arobaini, lazima mahali fulani pawepo kodi au mkopo mwingine wa kuziba katikati.

Desemba 2021 Spika wa wakati ule, hayati Job Ndugai, alihoji hadharani mwendo wa kukopa, akilinganisha na tozo za miamala ya simu zilizokuwa zimeanza Julai. Tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Nchi ilizungumza wiki mbili kuhusu nani amemwambia nani nini. Swali lenyewe, tozo au mkopo, lilistahili jibu refu zaidi, kwa sababu tozo nayo ni namna ya kulipa mkopo wa jana. Tozo zilipunguzwa, zikapunguzwa tena, na mwaka 2023 ile ya kutuma fedha ikafutwa. Mikopo haikufutwa.

Yako madeni mengine yasiyosomwa kabisa mpaka yajitokeze yenyewe. Agosti 2019 Airbus ya shirika letu la ndege, ATCL, ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama, kwa sababu ya fidia ya mashamba yaliyotaifishwa miaka ya themanini. Iliachiwa kama wiki mbili baadaye, lakini abiria waliobaki uwanjani walijifunza sheria ya madeni zaidi kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu. Na lipo lile la wastaafu: kabla ya 1999 watumishi wa umma hawakuwa wakichangia mfuko wa pensheni, na mfuko ulipoanza kuwalipa, ulilipa fedha ambazo hazikuwahi kuingia. Serikali ilidaiwa miaka mingi bila karatasi. Desemba 2021 ikatoa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu, ya shilingi trilioni 2.17, kwa PSSSF. Siku hiyo deni la serikali liliongezeka kwenye vitabu, na ninaamini ilikuwa siku njema, maana deni lililoandikwa lina tarehe na mwenyewe, na mstaafu ana kitu cha kudai.

Wakandarasi na watoa huduma wanaosubiri malipo kwa miezi wako katika kundi hilohilo. Serikali isipomlipa mkandarasi, imemkopa bila mnada. Mkandarasi naye anakopa benki kwa asilimia kumi na kitu ili awalipe vibarua.

Serikali husema deni letu ni himilivu, na kwa vigezo vinavyotumika ni kweli. Deni kwa thamani ya sasa liko chini ya ukomo wa asilimia 55 ya Pato la Taifa, na thamani hiyo ya sasa ni ndogo kuliko deni lililoandikwa kwa sababu mikopo mingi ya Benki ya Dunia huja na muda wa kulipa unaokaribia miaka 40. Ila kigezo hicho ndicho husomwa kwa sauti. Vipo vingine viwili vinavyouliza malipo ya deni la nje ya mwaka huu ni sehemu gani ya mauzo yetu nje, ukomo asilimia 15, na sehemu gani ya mapato ya serikali, ukomo asilimia 18. Hivi ndivyo vya tarehe. Tangu tulipofutiwa madeni mwishoni mwa 2001, mikopo ya miaka 40 imekuwa ikichanganywa na ile ya miaka kumi na kumi na tano, na vigezo hivi viwili ndivyo vinavyosogea kwanza.

Bunge letu halipigi kura kwa kila mkopo. Sheria ya 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa, na Katiba inaufanya Mfuko Mkuu wa Hazina kuwa dhamana ya deni. Bajeti yenyewe Bunge likiikataa, Rais anaweza kulivunja, kwa hiyo msitarajie ikataliwe. Kinachobaki kwa mwananchi ni taarifa. Benki Kuu hutoa kila mwezi tathmini ya uchumi, iko wazi, na ndani yake mna majedwali ya deni: nani anatudai, kwa sarafu gani, na nani ameshika hatifungani za ndani. Nimechapisha nakala chache za majedwali hayo, ziko mezani karibu na mlango. Nawaomba mtazame safu ya sarafu kwanza, kisha tuanzie maswali hapo.